Jana jioni mlikula nini? Kisa cha ndugu wawili kwenye uwanda wa Makonde

Mama alifika zahanati saa kumi na moja na nusu alfajiri, kanga zimelowa, mtoto mgongoni. Nyuma yake alikuwa binti wa miaka tisa akimulika njia kwa tochi ya simu. Ulikuwa mwezi wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama alimlaza mtoto kitandani, akasema neno moja: "Degedege."

Mtoto alikuwa wa kiume, miaka minne, kilo 13. Mikono na miguu ilikuwa inakakamaa na kutetemeka, macho yamepinduka, povu mdomoni. Mama alieleza kwamba lilimshika mara ya kwanza pale nyumbani, likamwachia walipofika kwenye mwembe wa msikiti, likamshika tena barabarani. Jirani mmoja alikuwa amemshauri aende kwanza kwa mganga wa kienyeji, kwa kuwa wazee husema mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Yeye akaja kwetu. Kila nikikumbuka kisa hiki namshukuru kwa uamuzi huo, maana kilichofuata pale kwangu hakikuwa kizuri kwa muda wa dakika ishirini hivi.

Mimi ni tabibu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala. Familia imeniruhusu niandike, nami nimeacha majina yao na jina la kijiji. Naandika kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Mtwara na Lindi, na kwa ajili ya kina mama na kina bibi wanaopika, kwa sababu nilichelewa kuuliza swali ambalo lingenipa jibu mapema.

Nilifanya haya. Nilimlaza ubavu, nikamwekea diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, kwa njia ya haja kubwa, miligramu 6.5, nikatoa tone la damu kwa kipimo cha haraka cha malaria. Kikatoka mistari miwili. Joto lilikuwa 37.6. Nikaandika kwenye daftari "malaria kali", nikaandaa sindano ya atesuneti. Nani angeniuliza? Kusini huku, mtoto chini ya miaka mitano, masika, degedege, kipimo chanya. Yote yalikaa sawasawa.

Hayo yote ni kweli, lakini kipimo chanya hakisemi kwamba malaria ndiyo iliyomwangusha mtoto. Mahali penye mbu wengi, watoto wengi hutembea na vimelea huku wanacheza mpira. Kipimo kinaonyesha vimelea vimo au vilikuwemo siku za karibuni, basi. Mtoto mwenye vimelea anaweza pia kuwa amekunywa sumu, ana homa ya uti wa mgongo, au ameishiwa sukari mwilini. Tunafundishwa hivyo chuoni na tunajibu hivyo kwenye mtihani. Kisha inakuja alfajiri kama ile, mtu anashika jibu la kwanza lililo mkononi.

Degedege lilipungua baada ya dawa, lakini mtoto hakuamka. Alipumua haraka na kwa nguvu, mbavu zikiingia ndani, ingawa kifua kilisikika kisafi. Niliponyoosha mkono kuchukua bomba la sindano nikasikia kishindo kidogo mlangoni. Yule dada yake, aliyekuwa ameegemea fremu ya mlango, alikuwa ameketi chini, na akatapika maji matupu.

"Na wewe unaumwa, mwanangu?"

"Tangu jana, daktari. Kichwa kinazunguka. Na Bibi pia kinamzunguka."

Malaria haiwaangushi watu watatu wa nyumba moja jioni moja. Nikaweka bomba chini. Nikamuuliza mama, "Jana jioni mlikula nini?"

"Ugali."

"Ugali wa nini?"

"Wa muhogo. Mimi nilishinda shambani kwenye palizi. Alipika Bibi."

Nikafungua kabati nikatoa mashine ya kupima sukari. Ilikuwa imefungiwa humo kwa sababu vibanzi vyake vilikuwa vimebaki vinne na tulikuwa tunavitunza kwa ajili ya wazee wenye kisukari. Sukari ya mtoto ilikuwa milimoli 1.7 kwa lita. Kwa mtoto, chini ya 2.5 ni hatari, na kwa aliyedhoofu kwa lishe tunahesabu hatari hata chini ya 3. Nilivuta mililita 13 za glukosi ya asilimia 50, nikazimua kwa mililita 52 za maji ya sindano ili nipate ya asilimia 10, nikampa taratibu kwenye mshipa. Dakika chache baadaye alifumbua macho, akalia, akamtafuta mama yake. Mama alikaa sakafuni akalia pia.

Mtoto anayepoteza fahamu au kushikwa na degedege hupimwa sukari mara tu njia ya hewa ikishakuwa salama, kabla ya kutafuta jina la ugonjwa. Asipokuwepo wa kupima, apewe sukari bila kupimwa. Pasipokuwa na mshipa wala dripu, kijiko cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa matone ya maji na kuwekwa chini ya ulimi, mtoto akiwa amelala ubavu, kinaweza kuinua sukari ya damu wakati safari ya hospitali inaandaliwa, na hurudiwa kila kikiyeyuka. Hilo linaweza kufanyika hata nyumbani, hata juu ya bodaboda iliyosimama njiani.

Gari la wagonjwa lilifika saa mbili asubuhi. Watoto wote wawili walipelekwa hospitali ya wilaya, mdogo akiwa amewekewa dripu ya glukosi. Alipewa oksijeni kwa kupumua kwake, na dawa ya malaria aliendelea nayo, kwa haki, kwa kuwa vimelea vilikuwemo. Darubini ilionyesha vichache. Maji ya uti wa mgongo yalitoka meupe, hayana chembe za usaha. Dada mtu alikunywa maji ya sukari na uji, na kufikia saa saba mchana kizunguzungu kilikwisha. Mdogo aliruhusiwa siku ya tatu.

Nilitaka kujua sufuria ile ilipikwaje. Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwao.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifunga?"

Aliuliza kwa dhati. Kijijini maneno yalikuwa yameshazagaa kwamba Bibi amewawekea wajukuu sumu. Nilikaa naye kwenye mkeka muda mrefu kabla ya kugusa habari ya muhogo, na nadhani huo ndio muda niliotumia vizuri kuliko wowote katika kisa hiki.

Alichonieleza ni hiki. Makopa ya msimu uliopita yaliisha mwishoni mwa Januari. Mahindi hawakuwa nayo, fedha ya korosho ilikuwa imekwisha kwa sare za shule na deni la dukani. Shambani kulikuwa na muhogo mchungu uliokomaa. Kwa kawaida angemenya, angeanika siku nyingi, au angevundika mpaka ulainike na kuota ukungu, ndipo aukwangue, auanike tena na kuutwanga. Mvua haikumpa jua. Na wajukuu walikuwa na njaa. Basi akamenya asubuhi, akakata vipande vidogo, akatwanga ukiwa mbichi, akaanika saa chache jua lilipochungulia, akatwanga tena, akachekecha, akapika saa kumi jioni. Mboga ilikuwa mlenda. Samaki hapakuwa, dagaa hapakuwa.

Watoto walikula pale pale saa kumi. Mama, aliyerudi usiku, alikuta mdogo ametapika mara mbili na amelala, hakutaka kumwamsha, akachoma mahindi mawili mabichi aliyopewa na jirani wa shamba, akala, akalala. Mtoto wake mwingine wa miezi kumi, anayenyonya, hakuugua. Baba yuko Lindi kwa kazi. Kwa hiyo waliougua ni wale watatu waliokula kutoka sufuria moja, na wawili ambao hawakuila walibaki wazima. Hakuna maabara iliyonipa ushahidi mzito kuliko huo. Sampuli ya unga haikupimwa, kwa sababu uliobaki majirani walishaumwaga kwa hofu. Kwa hiyo sitaapa kwamba ni muhogo na muhogo peke yake. Nasema tu kwamba kila kitu kinaelekea huko.

Sasa tuingie ndani ya muhogo wenyewe. Muhogo mbichi hauna sianidi iliyo huru ikikusubiri. Una kitu kiitwacho linamarini, kilichofungwa ndani ya chembe za mmea, na pembeni yake kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Viwili hivyo havikutani mpaka chembe zipasuliwe: kwa kutwanga, kukuna, kuloweka au kuvundika. Vikikutana, linamarini huvunjika na mwishoni hutoka hewa ya sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu na kupeperuka kwenye joto letu la kawaida. Ujuzi wa bibi zetu wote wa kuloweka siku tatu nne, kuvundika na kutwanga una kazi hiyo: kuvikutanisha viwili hivyo, kisha kuipa hewa ile muda wa kutoka. Kilichokosekana jikoni kwa Bibi ni muda. Na kuanika vipande vizima juani, kama tunavyoanika makopa mengi huku, ndiyo njia dhaifu kuliko zote, kwa sababu vipande hukauka kabla chembe hazijapasuka, linamarini ikabaki humo humo hadi kwenye unga.

Kwa nini basi watu wa uwandani wanaanika badala ya kuloweka? Maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote, na visima viko mbali chini ya magenge. Anayetafuta ndoo moja ya kunywa hawezi kutumia ndoo tatu kuloweka muhogo. Na kwa nini wanapanda muhogo mchungu? Kwa sababu nguruwe na nyani hawaugusi sana, mwizi haung'oi ale papo hapo, na unavumilia ardhi iliyochoka. Nimesikia maofisa wakija kijijini na kusema "acheni muhogo mchungu", wakapanda gari wakaondoka. Kina mama waliwasikiliza kwa adabu. Mbegu bora zipo, na kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapo hapo Mtwara, lakini mbegu huchukua misimu kuenea na njaa ya Februari huja kila mwaka.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga wa muhogo. Mwaka 2017 wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo na wawili wakafa. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa 88. Tuchukue unga wa namna hiyo, kwa mfano tu, tuuweke kwenye sahani za nyumba ile. Mtoto wa kilo 13 akila ugali wa gramu 100 za unga anaingiza karibu miligramu 9, yaani 0.7 kwa kila kilo ya mwili wake. Bibi wa kilo 50 akila gramu 150 anaingiza 13, yaani 0.26 kwa kilo. Kiasi kinachotajwa kuwa kinaweza kuua huanzia 0.5 hadi 3.5 kwa kilo. Sufuria moja, na Bibi anasikia kizunguzungu wakati mjukuu yuko mlangoni pa mauti. Kupika huondoa sehemu, na sianidi haiingii mwilini yote kwa mkupuo, hivyo hesabu hii isichukuliwe kama kipimo. Inatosha kuonyesha kwa nini mtoto ndiye huanguka.

Lakini sianidi peke yake hainielezi ile 1.7. Hapa ndipo kisa kinanifundisha zaidi, na inabidi nitoke Newala kidogo.

Muzaffarpur ni wilaya ya jimbo la Bihar, India, inayojulikana kwa lichi, tunda dogo jekundu la jamii moja na shokishoki. Kuanzia 1995 kila Mei na Juni, lichi zikiiva, watoto wa vijijini walikuwa wanaamka alfajiri na degedege, wanapoteza fahamu, wengi wanakufa, mvua zikianza ugonjwa unakoma. Waliutafuta kwenye virusi vya ubongo, kwenye joto la jua, kwenye dawa za mashambani. Mwaka 2014 timu ya watafiti wa India na Marekani iliwafuatilia watoto 390 waliolazwa katika hospitali mbili kati ya Mei 26 na Julai 17, 122 walikufa. Kati ya 327 waliopimwa sukari walipofika, 204 ilikuwa imeshuka. Walipolinganisha wagonjwa 104 na watoto wengine 104 wa umri wao, uwezekano wa kuwa wamekula lichi ndani ya saa 24 ulikuwa mara 9.6 kwa walioumwa, na wa kuwa wamelala bila chakula cha jioni mara 2.2. Walipoyaweka pamoja, lichi ilionekana mbaya zaidi kwa aliyelala njaa: mara 7.8, dhidi ya 3.6 kwa aliyekula jioni.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho taratibu. Tunda lile lile. Tofauti ni chakula cha jioni.

Lichi ina haipoglisini A na nduguye aitwaye MCPG, ambazo huzuia mwili usichome mafuta na usitengeneze sukari mpya. Usiku ini hutoa akiba yake ya sukari. Mtoto aliyeshiba na mwenye afya akiba inamfikisha asubuhi. Mtoto mwembamba aliyelala njaa akiba inaisha usiku wa manane, mwili unageukia mafuta, na hapo mlango umefungwa. Ubongo unabaki bila mafuta ya taa. Ndiyo maana ilikuwa alfajiri. Ushauri uliotolewa ulikuwa mwepesi: watoto wapunguze lichi, wale chakula cha jioni, na anayefika hospitali apewe sukari haraka. Idadi ya wagonjwa ilipungua, kisha mwaka 2019 zaidi ya watoto 100 wakafa tena, kwa maana ushauri ukishatolewa lazima mtu aendelee kuutembeza nyumba kwa nyumba.

Huko Burkina Faso, kati ya Januari na Mei 1998, watoto 29 wa miaka miwili hadi sita walikufa kwa ugonjwa wa ubongo wa namna hiyo hiyo, na chanzo kilikuwa tunda la aki lililoliwa bichi, lenye haipoglisini ile ile.

Mimi sina lichi wala aki Newala. Ila nina mtoto aliyekula kidogo saa kumi jioni, akatapika chote, akalala bila kitu tumboni saa kumi na tatu mpaka alipofika kwangu, na mwili wake unapambana na sumu na vimelea kwa pamoja. Nadhani muhogo ulimwangusha mara mbili: kwanza kwa sianidi, iliyomletea kutapika na pumzi zile za nguvu, pili kwa kumnyima chakula cha usiku. Kama mama angemwamsha saa nne usiku akampa hata uji mwepesi wenye sukari, naamini degedege la alfajiri lisingekuja. Silisemi hili kumlaumu. Nani anamwamsha mtoto aliyetoka kutapika? Nalisema ili mwingine ajue.

Kuna jambo la tatu kwenye sahani ile, mlenda mtupu. Mwili huigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa kinachotoka kwenye mkojo, na kazi hiyo inahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Dagaa, samaki, mayai na nyama wanayo kwa wingi. Kunde na mbaazi wanayo kwa kiasi. Mtoto anayekula ugali wa muhogo na mlenda wiki baada ya wiki anakuwa hana silaha. Lazima niseme wazi hapa, kwa kuwa nimeshaulizwa: si salfa ya mikorosho, ile ya kupulizia ubwiriunga. Hiyo isikaribie chakula kabisa.

Na kwa kuwa tumeitaja mikorosho, dawa za mashambani nilizifikiria pia, na kila tabibu wa Mtwara na Lindi azifikirie. Mwaka 2005 katika mji wa Mabini, Bohol, Ufilipino, wanafunzi zaidi ya 20 wa shule ya msingi walikufa baada ya kula vitafunwa vya muhogo vilivyokaangwa. Kila mtu alisema ni sianidi ya muhogo. Maabara ikakuta kiuatilifu. Kwa hiyo nilimuuliza Bibi kuhusu ndoo, chujio, chupa za zamani, mahali unga ulipohifadhiwa. Niliangalia pia mboni za mtoto alfajiri ile nilipopata akili: hazikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano, mate hayakumwagika baada ya degedege kuacha, hakutokwa jasho jingi. Sumu za wadudu za jamii ile huacha dalili hizo. Bado naona ni vizuri swali la chupa liulizwe kila mara.

Muhogo usioandaliwa vizuri una uso mwingine, nao hauji usiku mmoja. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma, kusini ya Cabo Delgado katika jimbo la Nampula, ukame uliacha muhogo mchungu peke yake, na watu zaidi ya elfu moja, wengi watoto na kina mama, walipooza miguu. Wamakua waliuita mantakassa; dunia inauita konzo, jina la Kongo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na inabaki hivyo maisha yake yote. Ni ugonjwa wa neva za ubongo zinazoendesha misuli, ingawa unaonekana miguuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo iliripotiwa huku kwetu mkoani Mtwara na wilayani Mbinga. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, wilaya ya Masasi ilikuwa imeshaona watu wakilewa muhogo kwa wingi kutokana na njia ya mkato ya kutwanga na kuanika haraka wakati wa njaa, kisa kilichochunguzwa na Taasisi ya Chakula na Lishe. Niliposoma habari hiyo niliona jiko la Bibi yule yule. Zaidi ya miaka thelathini, njia ile ile, miezi ile ile.

Kwa hiyo watoto wale wawili niliwaangalia miguu. Baada ya wiki mbili, kisha baada ya wiki sita: niliwaambia wakimbie mpaka kwenye mnazi na kurudi, nikawagonga goti kwa nyundo ndogo ya kitabibu, nikawasimamisha kwa mguu mmoja. Walikimbia. Mdogo alimshinda dada yake kwa kuanza kabla sijahesabu tatu.

Tulichobadilisha zahanati ni kidogo. Mashine ya sukari imetoka kabatini, iko kwenye trei ya dharura pamoja na diazepamu, na vibanzi vikikaribia kwisha tunaandika barua mapema. Kwenye daftari, mbele ya safu ya joto, nimepiga mstari kwa rula na kuandika: "Amekula nini mara ya mwisho, saa ngapi, na nani mwingine amekula." Muuguzi mwenzangu aliniambia safu hiyo inamchelewesha. Baadaye mwezi huo huo alimpokea mtoto aliyesinzia, akauliza, akaambiwa hajala tangu jana mchana kwa sababu ya vidonda vya mdomo, sukari 2.1. Hajalalamika tena.

Nyumbani kwa Bibi nilimfundisha njia ya kulowesha unga, ambayo Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aliibuni na wataalamu wetu wakaileta kusini baada ya konzo. Unga uliokwisha kutwangwa unawekwa kwenye bakuli na kushindiliwa kidogo, unatia alama ulipofikia, unaongeza maji huku unakoroga. Unga hushuka kwanza kisha hupanda, na ukirudi kwenye alama unaacha. Unautandaza kwenye mkeka safi, unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kile kimeng'enya kilichobaki kwenye unga hufanya kazi yake na hewa hutoka. Sianidi hupungua mara tatu hadi sita. Unapika siku hiyo hiyo. Maji yanayotumika ni yale yale kidogo yanayobaki ndani ya unga, na kwa uwanda wetu hilo ndilo lililonifanya niipende njia hii kuliko nyingine zote. Lakini unga ukiwa mchungu kupindukia, kupunguza mara tatu hakutoshi, kwa hiyo kuvundika kusiachwe pale panapowezekana.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na mvua ikinyesha?" Nikamwambia ndani ya nyumba, kivulini, saa tano. Akafikiri. Akasema yeye hana saa.

Nilirudi mwezi wa nne. Mkeka ulikuwa barazani, unga mweupe umetandazwa juu yake, na yule binti wa miaka tisa ameketi pembeni na fimbo akifukuza kuku. Bibi alinionyesha alama tatu za mkaa sakafuni. Ya kwanza ni pale kivuli cha nguzo kinapokuwa akitandaza. Ya pili, ya juani. Ya tatu ni ya siku za mawingu: anangoja watoto waende shule, anatandaza, na hapiki mpaka warudi.